Bakteria hana miguu: ninavyofundisha vijidudu rafiki na adui kwa mtindi, hamira na maharage (uzi)

Ticha Mbayuwayu

Wakuu habari za usiku. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na leo nimepata nafasi nimeona niliandike lote. Walimu wa baiolojia mtanielewa upesi, ila na wazazi karibuni maana sehemu kubwa ya haya inaanzia nyumbani kwetu.

Nafundisha baiolojia shule ya kata, kidato cha kwanza mpaka cha nne, huu mwaka wa kumi na moja. Kila mwaka nikifika kwenye vijidudu naanza na kazi moja tu, kila mtu achore bakteria kama anavyomjua yeye, hakuna kupata wala kukosa. Na kila mwaka picha zinafanana. Moja nimeitunza kwenye daftari langu la maandalio, ya binti wa kidato cha kwanza, kachora kwa peni ya bluu kitu kama papasi, miguu sita, vipembe viwili, macho makubwa, meno ya msumeno, chini kaandika "bakteria anauma tumbo". Ukigeuza karatasi kuna kopo la dawa ya kupulizia na moshi unatoka.

Nilikuwa nasahihisha tu naendelea. Nasema hapana, bakteria hana miguu, ni kiumbe wa seli moja, naandika ubaoni kwa Kiingereza kama tunavyotakiwa, wanakopi, mtihani unakuja wanajibu vizuri, halafu ukimuuliza nje ya darasa unakuta papasi wake yupo palepale kichwani hajaguswa.

Sasa siku moja nimekaa kwenye benchi la zahanati nasubiri majibu yangu, nikasikia mama mmoja anaambiwa dirishani "mtoto ana malaria mbili, na kwenye mkojo wapo wadudu kidogo, kachukue dawa." Yule mama akamgeukia mwenzake akasema afadhali, wadudu wawili tu. Hapo ndo nikaelewa. Neno ni letu wenyewe! Sisi wote tunasema wadudu. Na mtoto wa Kiswahili anajua mdudu ni nini, ana miguu, anatembea, anauma, ukimpulizia dawa anakufa, na dawa inayoua mende inaua na mbu. Kwa hiyo kabla sijafungua mdomo darasani tayari ana mambo matatu kichwani, kwamba vijidudu wote ni adui, kwamba dawa yao ni moja, na kwamba kama huwaoni basi hawapo.

Na sisi walimu tunaongezea. Angalieni tunavyofundisha, tunaanza na kipindupindu, TB, taifodi, kisonono, kuhara damu, wiki nzima magonjwa, halafu faida za bakteria tunazipa mistari minne mwishoni kipindi kimebaki dakika tano. Mtoto anatoka pale anaogopa.

Nikaamua kugeuza. Mwaka wa tatu huu naanza na walio rafiki, tena wale wa jikoni kwao.

Siku ya kwanza ni mtindi. Nachemsha maziwa lita moja, nayaacha yapoe mpaka ukishika sufuria kwa nje mkono unavumilia. Vikombe vitatu vimeoshwa na kusuuzwa kwa maji ya moto. Kikombe A maziwa peke yake. Kikombe B maziwa na kijiko kimoja cha mtindi. Kikombe C maziwa na kijiko kimoja cha mtindi uleule lakini huu nimeuchemsha kwanza kwenye kisufuria mpaka ukatokota, nikaupoza. Tunafunika kwa visahani, tunafungia kabatini, naondoka na ufunguo ili mtu asije akasema mwalimu ulichezea usiku.

Kesho yake B umeganda, ukiinamisha kikombe hautiririki. A na C bado maziwa. Sasa hapo mimi siongei kitu, nawaacha wabishane. Kikombe C ndicho kinachofundisha wakuu, nasisitiza hapo, wengi mnafanya A na B tu mnaishia hapo. Maana mtoto anasema "mtindi ndo unagandisha maziwa", sawa, mbona C nayo ina mtindi? Wanakaa kimya. Halafu mmoja anasema polepole, "kuna kitu kilikuwa kizima kwenye mtindi, mwalimu ukakiua." Ule ukimya wa darasa mtoto anaposema neno hilo, walimu wenzangu mnaujua.

Ndipo nawaambia huyo aliyekuwa mzima ni bakteria, anakula sukari ya maziwa anatoa tindikali, tindikali ndiyo inayofanya protini za maziwa zishikane. Na moto uliomuua wa kikombe C ndio huohuo tunaoutaka kwa maziwa mabichi ya kununua, kwa sababu ng'ombe anaweza kukupa TB na ugonjwa wa kutupa mimba (brusela), ambao kwa binadamu homa haziishi na viungo vinauma. Pasteur wa Ufaransa aliyafanyia kazi haya miaka ya 1860 kwenye mvinyo, na mpaka leo viwanda vya maziwa vinatumia jina lake, nyuzi joto 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15.

Siku ya pili hamira. Chupa tatu za maji za plastiki za nusu lita, kila moja kijiko kimoja cha chai cha hamira na vijiko viwili vya sukari, halafu moja maji ya uvuguvugu, moja maji baridi ya friji, moja maji yanayochemka (mwalimu ndiye anayemimina, na yaache yapumue kidogo chupa isije ikajikunja). Vaa kila mdomo puto. Ndani ya nusu saa puto la uvuguvugu linasimama lenyewe kama mtu anaamka, la baridi linajikongoja, la maji ya moto limelala. Mwaka wa kwanza nilifanya haraka nikamimina maji ya moto kwenye chupa zote bila kupima, hakuna puto lililosimama na kipindi kikaisha. Tangu hapo nayajaribu kwanza kwenye kiganja. Na TAFADHALI msitumie chupa ya kioo yenye kizibo cha kukaza, ile hewa inaweza kuipasua.

Siku ya tatu tunakwenda shambani. Nitaeleza chini maana hapa ndo penye utamu wenyewe, ngoja nipumue.

mama Rahimu

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mzazi, nauza maandazi asubuhi nasuka jioni. Nimekuelewa mpaka hapo, hamira nimeitumia miaka kumi na tano sikujua kama ni kitu kilicho hai! Kumbe ndo maana siku za baridi ya Juni unga unachelewa kuumuka mpaka nauweka karibu na jiko. Endelea mwalimu.

Ticha Mbayuwayu

Marahaba mama, ndo hivyohivyo, wewe miaka yote hiyo umekuwa mfugaji. Hamira ni fangasi wa seli moja, unawapa joto na sukari wanapumua, ile hewa yao ndiyo inayotengeneza matundu ndani ya andazi, halafu kwenye mafuta wanakufa matundu yanabaki. Ningependa siku moja uje ulieleze hilo darasani, wanafunzi watakusikiliza wewe kuliko mimi.

Haya, shambani. Maharage yakiwa yanaanza kutoa maua ndo wakati wake. Chimbua kwa jembe, usinyofoe, ukinyofoa vinundu vinabaki ardhini. Suuza mizizi kwenye ndoo. Utaona vijipunje kama shanga vimeshikana na mzizi, wanafunzi wengi wanasema ni ugonjwa, wanataka kutupa. Mpe kila mmoja kinundu akipasue kwa kucha. Kikiwa hai ndani ni chekundu chekundu, waridi iliyokolea, kama nyama mbichi. Mtoto wa kiume mmoja alisema "mwalimu, mmea una damu". Na hakukosea sana, kwa sababu ile rangi inatokana na protini ya ukoo mmoja na ile inayoweka wekundu kwenye damu yetu, kazi yake pale ni kuidhibiti oksijeni ili bakteria afanye kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, hakuna kazi inayofanyika.

Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni na hakuna mmea unaoweza kuitumia ikiwa hewa. Yule bakteria ndani ya kinundu ndiye anayeigeuza ikawa chakula cha mmea, na mmea unamlipa sukari. Kwa hiyo babu zetu waliochanganya mahindi na maharage au kunde walikuwa wanatumia mbolea inayotengenezwa bure chini ya miguu yao. Mtoto wa mkulima akishika kile kinundu mkononi hata papasi anafutika.

Baada ya hapo ndo naingia kwa maadui, na sasa wanasikiliza tofauti kabisa. Swali lao linakuwa "huyu anafanya nini na anaishi wapi", siyo "tumuue na nini".

Nyanda wa Tabora

Mkuu naomba kuongezea, pia mfundishe kwamba kichocho na minyoo siyo bakteria. Mimi nafundisha pia, wanafunzi wanaweka kila kitu kapu moja. Minyoo ni mnyama kabisa ana viungo vyake, mayai yake tu ndo yanahitaji hadubini. Na malaria wanaandika "inasababishwa na mbu", mbu anabeba tu, anayesababisha ni protozoa, kiumbe wa seli moja.

Labtek Kanda ya Ziwa

Nakazia hapo Nyanda. Na kuhusu ile "malaria mbili" Ticha Mbayuwayu, hebu niwape hesabu ambayo mnaweza kuifanya darasani, maana hili neno linaniumiza kila siku kazini.

Tunapohesabu kwenye hadubini hatuhesabu damu yote. Tunachukua tone, tunalipaka kwenye kioo, tunahesabu vimelea tunavyovikuta huku tunahesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200. Tukikuta vimelea viwili, tunachukulia kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwenye maikrolita moja, kwa hiyo 8,000 gawanya kwa 200 ni 40, zidisha mara mbili unapata vimelea 80 kwenye maikrolita moja tu ya damu, ambayo ni tone dogo sana kuliko hata kichwa cha kiberiti. Mtu mzima ana kama lita tano za damu, yaani maikrolita milioni tano. 80 mara milioni tano.

Milioni mia nne. Hao ndo "wawili tu" kwa mtu mzima, kwa mtoto wa yule mama damu ni pungufu ila bado ni mamilioni.

Ticha Mbayuwayu

Labtek aisee. Milioni mia nne. Hii naiandika kesho asubuhi ubaoni kabla hata hawajakaa, sikuwa nimewahi kuipiga hiyo hesabu na miaka kumi na moja nipo hapa. Asante sana ndugu yangu.

Na inakwenda sambamba na hesabu yangu ya kiporo. Bakteria wa tumboni tunaowaita E. koli wakiwa kwenye chakula na joto zuri, mmoja anakuwa wawili kila dakika kama 20. Nawaambia chukulieni mmoja kadondokea kwenye mboga saa moja usiku, sufuria imeachwa mezani. Wanahesabu wenyewe, mmoja, wawili, wanne, wanane... saa nane ya usiku wamefika 2,097,152. Wanapiga kelele. Halafu naongeza kuhusu wali maana hapa wengi tunakosea, kuna bakteria wa kwenye wali ambaye mbegu zake zinavumilia kupikwa, ukiuacha wali nje usiku kucha anaamka anazaliana anatema sumu, na sumu yake ya kutapisha hata ukipasha kiporo asubuhi haiondoki. Kwa hiyo kupasha peke yake hakutoshi, wali upozwe upesi na uhifadhiwe kwenye baridi, na kama huna friji pika wa kutosha ule uishe. Hii kwa familia zetu ni ngumu naelewa, mimi mwenyewe nimekua kwa viporo, ila mtoto akijua sababu anaweza kuchagua.

Mkulima Kibaigwa

Habari ticha. Mimi siyo msomi sana niliishia darasa la saba ila nafuatilia uzi huu kwa simu ya mwanangu. Umesema fangasi wa hamira ni rafiki, sasa huku kwetu fangasi wametuua. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikula mahindi wakaumwa manjano na matumbo kujaa, wengine wakafa, baadae wataalamu wakaja wakasema ni sumukuvu, sumu ya fangasi wa kwenye nafaka. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema karogwa. Hili linafundishwa shuleni?

Ticha Mbayuwayu

Mzee wangu shikamoo, na pole sana. Linafundishwa kidogo mno, na ndiyo maana nimefurahi umelileta hapa. Kenya nako mwaka 2004 upande wa Ukambani, Makueni na Kitui, walipata wagonjwa 317 na 125 wakafariki kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ini ndilo linaloharibika.

Darasani naliweka pamoja na dawa ya penisilini, makusudi, siku moja. Kwa sababu mwanafunzi akiniuliza "fangasi ni wazuri au wabaya" namwekea haya mawili mezani. Mwaka 1928 London, Alexander Fleming katoka likizo anakuta kisahani chake cha bakteria kimeota ukungu, na kuzunguka ule ukungu bakteria wamekufa. Ule ukungu ndio uliotupa penisilini. Sasa ukungu wa kundi lingine, ukiota kwenye mahindi na karanga zako ambazo hazikukauka, unakutengenezea sumu inayoua ini. Wote wawili hawakujui wewe, wanajitafutia riziki yao. Wewe ndiye unayetakiwa kuwajua.

Na lile la moto mzee lielewe vizuri, kuchemsha au kupika ugali hakuondoi sumukuvu. Ukungu wenyewe utakufa ila sumu ilishaachwa ndani ya punje. Kinga ni shambani na ghalani, kuvuna kwa wakati, kutoanika chini kwenye udongo, kuchambua zilizovunjika na zenye ukungu, kukausha mpaka unyevu ushuke kufika asilimia 13 hivi.

Mkulima Kibaigwa

Marahaba mwanangu. Sisi tulionyeshwa na bwana shamba kupima kwa chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unaweka mahindi na chumvi kavu kiasi, unatikisa dakika chache unaacha yatulie. Chumvi ikiganda ukutani kwa chupa mahindi bado mabichi. Ikidondoka yote chini unaweka ghalani. Wafundishe hilo wanafunzi wako, halihitaji mashine.

Ticha Mbayuwayu

Mzee hilo linaingia kwenye praktiko ya muhula huu, nakuahidi.

Asali ya Nyuki

Ticha mimi nina swali la kutoka moyoni. Mimi ni muuguzi. Wazazi wanakuja na mtoto ana mafua, anataka amoksilini, ukimnyima anakwenda kununua duka la dawa, tena ananunua vidonge sita tu kwa sababu hela haitoshi. Unalifundishaje hili likafika nyumbani?

Ticha Mbayuwayu

Dada hili ndilo lililonifanya niandike uzi wote huu, nilikuwa nalizunguka tu.

Kwanza nawatenganisha kirusi na bakteria mapema kabisa, kabla ya ugonjwa wowote. Bakteria ni kama nyumba kamili, ina kuta, ina jiko, ina kila kitu. Kirusi hana nyumba, ni barua tu ndani ya bahasha, mpaka aingie kwenye nyumba ya mtu ndo anaanza kujinakili. Sasa penisilini na ndugu yake amoksilini zinavunja ukuta wa bakteria. Nawauliza, mafua ni kirusi, hana ukuta, dawa ya kuvunja ukuta itavunja nini? Wanacheka, na wanakumbuka. Wengine wananiambia wamemwambia mama.

Pili, dozi. Hapa nawasimulia la kule Oxford Februari 1941. Mmoja wa wagonjwa wa kwanza kutibiwa ugonjwa mkali kwa penisilini alikuwa polisi, Albert Alexander, uso wote umejaa majipu, jicho moja limeshatolewa. Wakamchoma penisilini, ndani ya siku chache homa ikashuka akaanza kula. Lakini dawa yote iliyokuwepo ilikuwa ndogo, walifika mahali wanaukusanya mkojo wake wanatoa penisilini iliyopita humo wanamrudishia. Ikaisha. Bakteria waliobaki wakarudi na Machi akafariki. Darasa linakuwa kimya pale. Halafu nawaambia yeye dawa iliisha duniani, wewe ya kwako ipo kwenye kabati umeiacha kwa sababu umepata nafuu. Na Fleming mwenyewe alipopokea Tuzo ya Nobeli mwaka 1945 alionya kwamba dawa kidogo isiyotosha itawafundisha vijidudu kuivumilia.

Na nawaambia la nyumbani kwangu. Mjomba wangu alipata TB, akaanzishiwa dawa, dozi ya miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne na minne inayofuata dawa mbili. Mwezi wa pili kikohozi kikakata, akaongezeka mwili, akaona amepona akarudi kuchimba. Hakuna aliyemfuata, na mimi nilikuwa chuo nasomea haya haya sikumuuliza hata mara moja, mjomba unameza? Akarudi kukohoa, safari hii na damu. Alipona mwishowe ila mapafu hayakurudi kama zamani, akipanda kilima kidogo tu anasimama. Kila nikifundisha TB namwona amesimama pale njiani ameshika kiuno.

Asali ya Nyuki

Pole sana mwalimu. Asante kwa ile ya ukuta, kesho naitumia kliniki.

Mswahilina wa Pwani

Mwalimu mimi nina angalizo kwa nia njema. Mtoto wangu alirudi nyumbani akasema mwalimu wao kawafundisha jinsi ya kutengeneza mbege. Sisi ni Waislamu na sikufurahi. Elimu ni muhimu lakini jamani tuangalie na mazingira.

Ticha Mbayuwayu

Nakubaliana na wewe kabisa ndugu. Mimi pombe naitaja kwa kuwa mtihani unaiuliza ila hatuipiki. Badala yake nafanya togwa, na togwa inafundisha zaidi. Unapika uji mzito wa mahindi, unaupoza uwe vuguvugu, unakoroga unga wa kimea cha ulezi. Muda si mrefu ule uji uliokuwa unasimama mwiko unalegea unatiririka kama maji, wanga umekatwa unakuwa sukari, hapo bado bakteria hawajafanya kitu, ni vimeng'enya vya kimea. Halafu unauacha, kesho yake una uchachu wa bakteria walewale jamii ya mtindi. Mambo mawili kwenye sufuria moja. Ila isikae siku nyingi, ikikaa nayo inaelekea kuwa pombe.

Fomu Foo wa Moro

Shikamoo mwalimu, mimi ni mwanafunzi kidato cha nne. Shule yetu ilitupeleka kuona panya buku wa pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wanaonusa makohozi ya TB. Panya ananusa vikopo kwa mstari, akisimama na kukwaruza wanajua hapo pana TB halafu maabara inahakiki. Nilikuwa naogopa panya ila sasa nataka kusomea maabara.

Labtek Kanda ya Ziwa

Karibu sana mdogo wangu, tunakusubiri. Soma na kemia usiiache.

Kipanga

Mwalimu na lile jaribio la kuotesha ukungu kwenye mkate ulioshikwa na mikono michafu na safi? Nimelifanya mara mbili mkate haukuota chochote wiki nzima.

Ticha Mbayuwayu

Marahaba Fomu Foo, naweka na nia yako kwenye maombi.

Kipanga, ulitumia mkate wa kiwandani wa kukatwa? Ule huwa unawekewa dawa ya kuzuia ukungu. Tumia mkate wa bekari ya mtaani uliookwa jana yake. Vipande vinne, kimoja kimeshikwa na mikono iliyotoka kucheza mpira, kimoja imenawa maji tu, kimoja imenawa kwa sabuni, kimoja hakijaguswa kimewekwa kwa koleo. Kila kimoja mfuko wake wa plastiki angavu, nyunyiza matone mawili ya maji yaliyochemshwa, funga kwa selotepu yenye jina na tarehe. Na baada ya hapo MIFUKO HAIFUNGULIWI, hata iote nini, vumbi la ukungu siyo la kuvuta hasa kwa mwenye pumu. Ukimaliza choma au fukia. Na usiruhusu mtu aoteshe vitu vya chooni au vya kidonda, sisi hatuna maabara ya kuvidhibiti. Fanya seti tatu nne za vikundi tofauti maana kipande kimoja kinaweza kukudanganya, ukungu mwingi unatoka hewani.

Nyanda wa Tabora

Wakuu narudi na mrejesho. Nina wanafunzi 94 darasa moja, maabara ni chumba tunachohifadhia madawati mabovu. Juzi nimefanya vikombe vitatu kama Ticha alivyoelekeza. B umeganda, A na C hazijaganda, mpaka hapo safi. Lakini tukaviacha makusudi siku tatu. A na C zikaharibika, zikanuka. B haukunuka vile, umekuwa mchachu zaidi tu. Halafu kijana wa dawati la nyuma ambaye tangu Januari sijamsikia sauti akauliza, "mwalimu, hao bakteria wa mtindi wakijaza tindikali kwenye kikombe chote, wao wenyewe wanaishi wapi?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Ticha nisaidie.

Ticha Mbayuwayu

Nyanda, mpe huyo kijana mkono kwa niaba yangu.

Mjibu kwamba wanapunguza kasi mpaka wanakwama kabisa, tindikali waliyoitoa wao ndiyo inayowasimamisha. Ila kabla ya kukwama wameshawafukuza wengine wote ambao hawaivumilii, wale wa kuozesha waliodondokea kwenye A na C kutoka hewani. Ndo maana mfugaji asiye na friji anagandisha maziwa yakae, yale mabichi yangeharibika jioni. Halafu usimmalizie jibu lote. Mwambie achukue kijiko kimoja cha B ya siku tatu akiweke kwenye maziwa mapya yaliyochemshwa na kupozwa, aje akuambie yeye kesho yake kama bado kuna mtu mzima mle ndani.